Magokoro na Mashine ya Maswali

Hadi leo siwezi kuwasha kompyuta bila kusikia sauti ya nyanya yangu. Nabonyeza kitufe, kioo kinaangaza, na kabla maandishi hayajatokea yeye ameshauliza. Wenzangu ofisini wakiniona nimesita hudhani macho yananisumbua. Nimewaacha wadhani hivyo, maana kueleza ni kazi na mimi si mtu wa kueleza-eleza.

Nyanya huyo hakujua kusoma. Alizaliwa na kuzeekea Gesima, kati ya chai na migomba. Sisi Wagusii nyanya tunamwita magokoro, na hilo ndilo nitakalomwita hapa. Kompyuta aliiona kwa mara ya kwanza katikati ya miaka ya tisini, katika chumba kimoja mjini Kisii, ghorofani juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Mimi ndiye niliyempandisha ngazi. Alikuwa amekuja kumwokoa kaka yangu, na kwa muda alimwokoa.

Kaka yangu alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya kibinafsi upande wa Ikonge. Kijijini hatutofautishi muuguzi na daktari, kwa hiyo wote walimwita Daktari, hata mama. Alipokuja nyumbani wanawake walimletea watoto wenye kikohozi pale pale uani, kabla hajavua viatu. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye mikono mikubwa iliyojua kumshika mtoto hadi mtoto akasahau kulia. Mimi nilikuwa dada yake mdogo na nilimwonea fahari waziwazi. Kisha akavunjika mguu kwenye mechi ya mpira Nyaramba, akachomwa ile dawa ya sindano ya kutuliza maumivu wanayopewa watu waliotoka kupasuliwa, na mguu ulipopona yeye na sindano hawakuachana. Kule kazini ufunguo wa kabati la dawa ulikuwa mfukoni mwake. Walipomgundua walimwondoa kimya kimya ili zahanati isipate jina baya, naye akarudi Gesima na shati la mikono mirefu ambalo hakulivua hata jua lilipowaka. Kuna mtu mjini aliyekuwa akimuuzia. Sikuwahi kumjua mtu huyo na sitaki kumjua.

Baba alikuwa ameshafariki. Mama aliwaambia majirani kwamba mwanawe ana malaria isiyoisha, akalisema hilo mpaka akaanza kuliamini yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeona bomba la sindano chini ya godoro, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kuamini malaria. Nilijua atakufa. Nilikuwa nikirudi nyumbani kutoka mjini nachungulia kwanza uani kama kuna watu wengi, maana watu wengi uani siku ya kawaida wana maana moja tu.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kozi ya uchapaji na kompyuta, na nikaajiriwa na daktari wa magonjwa ya akili, mtu wa kwetu aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Alikuwa amekodi kile chumba juu ya duka la vitambaa na kuweka ndani meza mbili, viti, na kompyuta nzito yenye kioo cheusi na maandishi ya kijani. Alikuja nayo pamoja na kisanduku cha disketi, na ndani ya disketi hizo kulikuwa na programu ya kuwatibu watu walioshikwa na pombe na dawa za kulevya. Mtu aliketi mbele ya kioo, mashine ikamuuliza maswali, akajibu kwa kuchapa, na mashine ikamfundisha kulingana na alivyojibu. Kazi yangu ilikuwa kuiwasha, kubadilisha disketi, na kuwasaidia wasiojua kuchapa.

Siku ya kwanza daktari alinieleza jinsi inavyofanya kazi, akitembea huku na huku kama yuko darasani. Alisema kati ya hamu ya mtu na mkono wake kuna wazo. Wazo hilo linapita kwa kasi hata mwenyewe halioni, anajikuta tu ameshafanya. Mashine inamfundisha kulikamata hilo wazo, kuliuliza limetoka wapi, kama ni la kweli, na kama kuna jambo jingine analoweza kufanya badala yake.

"Na kwa nini mashine, daktari?" nikamuuliza. "Si wewe mwenyewe unaweza kuwauliza?"

"Mashine haina aibu," akasema. "Haimjui mtu, haijui mama yake, haitaenda sokoni kusema. Mtu ataiambia yale asiyoweza kuniambia mimi."

 Wiki iyo hiyo nilimleta kaka yangu.

Ilikuwa bure. Mashine ilimuuliza kwa Kiingereza alikuwa akifikiria nini kabla tu ya kujichoma mara ya mwisho. Akachapa kwa kidole kimoja kwamba hakuna. Ikamuuliza mwili wake ulihisi nini. Hakuna. Ikamuuliza ni jambo gani analoliogopa asipojichoma. Hakuna. Aliketi pale amenyooka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, na alipomaliza aliniaga kwa adabu, na mimi nilijua anakwenda wapi akitoka hapo. Daktari akasema labda Kiingereza cha kwenye kioo kinamchosha, niketi naye nimsomee kwa lugha yetu. Nilimtazama nikaona kweli huyu mtu amekaa ng'ambo muda mrefu.

Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni haya na heshima kwa pamoja, na ni sheria vilevile. Inasema nani anaweza kutaja nini mbele ya nani. Baba na mwana hawazungumzi mambo ya mwili. Dada haketi kumsikiliza kaka yake akisimulia aibu zake. Na daktari mwenyewe alikuwa rika la marehemu baba yetu, hivyo kwa kaka yangu alikuwa baba tu, mwenye koti jeupe. Mashine haikuwa na aibu, hilo nakubali, lakini kaka yangu alikuwa nayo, na ilikuwa imemjaa mpaka kooni.

Jumapili hiyo nilikuwa katika nyumba ya magokoro, nikimsaidia kuchambua maharagwe. Alikuwa mama yake baba, mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Akaniuliza kama mashine ya mjini imemsaidia mjukuu wake. Nikamwambia hapana, inamuuliza mambo ya aibu naye anakataa kujibu.

"Inamuuliza nini?"

Nikamtajia machache, nikiangalia maharagwe. Inamuuliza anafikiria nini akiwa peke yake. Inamuuliza mwili wake unataka nini. Inamuuliza kuhusu wanawake, kama bado ana hamu nao.

Alicheka hadi akaegemea ukuta. "Basi hiyo si mashine," akasema. "Hiyo ni magokoro! Nani mwingine anamuuliza mwanamume mambo kama hayo?"

Nilicheka pia, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu alikuwa amesema ukweli. Mwana na wazazi wake wanafungwa na chinsoni, lakini nyanya na mjukuu hawafungwi. Wanaruhusiwa kila kitu. Tangu kaka yangu awe mtoto magokoro alimwita "mume wangu", akamtukana miguu yake myembamba, akamuuliza mbele ya watu amelala wapi na nani. Yeye alimjibu kwa matusi mazuri zaidi, na hakuna aliyekasirika. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kaka yangu angeweza kumjibu, ni yule aliyekuwa mbele yangu akipepeta maganda.

"Nipeleke," akasema. "Nikaone huyo mke mwenza."

Daktari alikunja uso. Akasema programu imetengenezwa mtu awe peke yake nayo, na kwamba kuleta bibi kizee ni kuharibu utaratibu. Nilikuwa mtumishi wake na nilitaka kumwambia mengi, lakini nilisema tu kwamba mgonjwa amejibu "hakuna" tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo utaratibu umeshaharibika. Akatoka kwenda kunywa chai, na hiyo nikaichukua kuwa ruhusa.

Tulipanga viti namna hii. Mimi mbele ya kioo, nimewapa mgongo. Magokoro nyuma yangu, na kaka yangu akitazamana naye. "Wewe leo ni mkono wa mashine," magokoro akaniambia. "Mkono hauna masikio." Nilisoma swali kwa Kiingereza, nikalisema kwa Kigusii kwa sauti ya chini, bila kugeuka. Magokoro akalipokea, akalizungusha mdomoni, kisha akalitoa upya kama lake.

"Mume wangu," akasema, "kabla hujaenda, ulikuwa unafikiria nini?"

 Chini dukani nilisikia mkasi ukikata kitambaa.

"Nilikuwa nafikiria leo nitalala," kaka yangu akasema.

Ndilo jibu la kwanza alilompa mtu yeyote. Nikalichapa, na herufi za kijani zikawa zinacheza machoni pangu, kwa sababu nilikuwa nalia na mkono hauruhusiwi kulia.

Walirudi, wakarudi tena. Magokoro aliipenda safari hiyo, akaivalia kitambaa cha kichwa cha kanisani. Mwenye duka alimzoea, akawa anamwekea stuli penye kivuli apumzike kabla ya ngazi. Juu kule alikuwa anaibishia mashine. Ilipouliza hamu ya kaka yangu ina nguvu kiasi gani, kutoka moja hadi kumi, alisema hilo ni swali la mtu anayenunua mbuzi, akamuuliza badala yake kama hamu hiyo inamwacha amalize kula. Stima ilipopotea, na mjini Kisii ilipotea mara kwa mara, kioo kikawa giza na daktari akashika kichwa. Magokoro hakusimama. Alikuwa ameshayajua maswali na mpangilio wake, akaendelea nayo gizani.

Ilikuwa mchana mmoja wa namna hiyo ndipo kaka yangu aliposema habari za mgonjwa wake mmoja. Swali lilikuwa ni kitu gani hasa kinachomsukuma. 

"Kulikuwa na mama aliyeungua, kule zahanati," akasema. "Aliandikiwa sindano nzima. Nilimpa nusu, ile nusu nyingine nikajichoma mimi. Alilia, magokoro. Alilia mpaka akafa. Angekufa tu, alikuwa ameungua vibaya. Lakini hangelia vile."

 Nilisikia gauni la magokoro likisugua kiti.

"Bado analia?" akauliza. Hilo halikuwa swali la mashine.

"Kila siku."

"Na ukijichoma?"

"Ananyamaza kidogo."

Stima iliporudi nilichapa yote kama alivyosema, kwa Kiingereza changu cha shule. Mashine ikafikiria, ikaandika kwamba amefanya kazi nzuri sana leo na aendelee hivyo hivyo. Sikuwatafsiria hayo. Niliona haya kwa niaba ya mashine.

Lakini siwezi kuidharau. Somo lililofuata lilikuwa juu ya wazo kuwa wazo tu, kwamba likija si lazima litiiwe. Magokoro alinifanya nilirudie. Kisha akamwambia kaka yangu, "Watu wangapi wanapita pale barabarani kwetu kwenda kupimisha majani chai? Kila anayepita unamwita aje akae? Mwache huyo mama alie. Ana haki ya kulia. Lia naye ukitaka. Lakini yeye hakukuagiza sindano." Na palipoandikwa kwamba mgonjwa achague mahali pa kwenda hamu ikimshika, magokoro hakungoja achague. Akamwambia aje kwake.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa, na kwa muda ilikuwa nzuri. Hamu ilipomshika aliacha alichokuwa akifanya, akavuka uani hadi nyumba ya magokoro, akaketi penye jiko. Magokoro alikuwa akisaga wimbi au akichambua mboga, na bila kuinua macho alimuuliza, "Mume wangu, ulikuwa unafikiria nini?" Yeye akamwambia. Wakaligeuza wazo hilo pande zote, wakacheka au wakanyamaza, na hamu ikapita. Alianza kunenepa. Siku moja nilimkuta kwenye chai pamoja na wachumaji, ameikunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko, makovu yote nje, na mwanamke mmoja alikuwa akimtania juu yake. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu kidogo. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena.

Kisha magokoro akafa. Hakuugua sana. Alilalamika kifua, akakataa kupelekwa hospitali, na asubuhi moja mama alimpelekea uji akamkuta amekwenda. Tulimzika kando ya nyumba yake, kama inavyofanywa kwetu. Wakati wa mazishi kila mtu alimlilia magokoro, na mimi nilikuwa namtazama kaka yangu tu. Nilimtazama mikono, nilimtazama macho, nilimfuata hata alipokwenda chooni. Nilikuwa na hakika jioni hiyo atakwenda mjini.

Hakwenda. Wiki ikapita, hakwenda. Alikuja ofisini peke yake siku yake ilipofika, akaketi. Nikaiwasha mashine, nikaanza kusoma swali, akaniinulia mkono niache.

"Nimeshaulizwa asubuhi," akasema.

"Umeulizwa na nani?"

Akatabasamu, tabasamu la zamani, la kabla ya mguu. Akaniambia kwamba hamu ilimshika alipoamka, akavuka uani kama kawaida, akafungua nyumba ya magokoro, akaketi penye jiko lililozimika. Na kutoka pale alipokuwa akikaa, magokoro akamuuliza. Maneno yale yale, sauti ile ile, hata kile kikohozi kidogo kabla ya kuuliza.

"Ukamjibu?"

"Ningemnyima jibu magokoro?"

 Nilimwambia daktari, nikiogopa atasema kaka yangu amepata wazimu. Yeye alifikiri, akauliza kama anakula, kama analala, kama amegusa sindano. Nilipomjibu, akasema kwamba hilo ndilo jambo ambalo programu hutaka, swali liingie ndani ya mtu lijiulize lenyewe, na kwamba hajali limeingia na sauti ya nani. "Mwache hivyo," akasema. "Usimguse." Hilo lilikuwa neno la busara kuliko yote niliyomsikia akisema, na nilimsamehe mengi kwa ajili yake.

Lakini mama hakuwa na daktari wa kumwambia hivyo. Mama alimsikia. Alikuwa akipita na ndoo ya maji, akasikia mwanawe akizungumza ndani ya nyumba ya marehemu, akinyamaza kama anayesikiliza, kisha akicheka. Ndoo ikamponyoka. Akaja kwangu siku hiyo na matope hadi magotini.

Sina budi kumtetea mama, kwa sababu watu wakisikia kisa hiki humlaumu haraka. Kabla ya kanisa kuingia kwetu, wazee walijua kwamba marehemu wanaweza kurudi, wakawaita ebirecha, na waliporudi walikuwa wanadai kitu, na wasipopewa walichukua mtu. Mama alilelewa na hofu hiyo. Kisha akabatizwa katika kanisa linalofundisha kwamba wafu wamelala, hawajui lolote, hawawezi kusema. Kwa hiyo anayesema kwa sauti ya maiti ni shetani mwenyewe. Ukiipima kwa kizamani, magokoro amekuja kumchukua kijana. Ukiipima kwa kanisa, hata si magokoro. Mama alipinduka huku na huku na hakuona mlango wowote ambao mwanawe angetokea akiwa hai.

"Ataondoka naye," aliniambia. "Nilimzaa mimi, na ataondoka naye."

"Mama, ni yeye anayemzuia kurudi kwenye sindano."

"Sindano naijua," akasema. "Sindano ni kitu cha watu. Hiki sikijui."

Nilimbishia hadi nikapaza sauti, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele ya mama. Nikamweleza habari za wazo na mkono, kama daktari alivyonieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kwa mchungaji.

Walikuja Sabato alasiri baada ya ibada, mchungaji na akina mama wa maombi wenye vitambaa vyeupe. Nilimvuta kaka yangu kando, nikamwambia akatae. Nyumba ni ya nyanya yake, boma ni la baba yake, na yeye ndiye mwanamume wa humo. Akisema hapana, hakuna atakayeingia. Alikuwa akitazama mlango wa magokoro.

"Waache waje," akasema. "Mama hajalala siku nyingi."

Nilidhani ni huruma, na nikamheshimu kwa hilo.

Wakafungua milango na madirisha. Wakafagia jivu la mwisho kutoka jikoni mwake, wakalitupa nje. Waliimba, wakaomba, na mchungaji akapaza sauti akimwamuru yule pepo anayejifanya marehemu aondoke katika nyumba ile na katika masikio ya kijana huyu. Alikuwa mtu mwema, mchungaji huyo. Alitokwa na jasho kwa ajili yetu. Kaka yangu alipiga magoti katikati yao akiwa ameinamisha kichwa, na walipofika mwisho, wote wakasema amina, na yeye pia akasema. Mama akamkumbatia pale pale chini.

Jioni alivuka uani, akakaa ndani ya ile nyumba muda mfupi, akatoka.

"Unamsikia?" nikamuuliza.

"Hapana. Ni nyumba tu."

"Na yule mama aliyeungua?"

Akaishusha mikono ya shati hadi viganjani, nikajua kwamba bado analia.

Nilijaribu. Ikiwa swali ndilo lililomsaidia, basi nitamuuliza mimi, chinsoni au hakuna chinsoni. Nilimfuata ndani ya ile nyumba, nikaketi alipokuwa akikaa magokoro. Nilikuwa nimejiandaa kusema yale maneno kama alivyoyasema, lakini "mume wangu" ilikataa kutoka mdomoni mwangu. Dada hawezi kumwita kaka yake hivyo. Ulimi wenyewe uligoma. Nikauliza bila hayo maneno, na likawa swali kama la polisi. Aliangalia mikono yangu kwa huruma, akaniambia nirudi mjini, kazi itaniharibikia. Haukupita muda akawa anakwenda mjini yeye mwenyewe, si kwetu ghorofani. Daktari alihamia Nairobi na mashine yake kabla mwaka haujaisha. Nilibaki na viti na meza mbili katika chumba kitupu mpaka mwenye duka akapata mpangaji mwingine.

Mama alikuwa wa mwisho kukubali. Alipoliona bomba la sindano kwa macho yake, hakupiga kelele. Asubuhi iliyofuata niliamka nyumbani nikasikia mtu akiongea nje, nikachungulia. Mama alikuwa amesimama kwenye kaburi la mama mkwe wake. Mwanamke wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe sandukuni, mwanamke ambaye katika maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kumpazia sauti mama mkwe wake, alikuwa anamwita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Mama, rudi," alikuwa akisema. "Rudi umuulize. Mimi ndimi niliyekufukuza, sikujua. Muulize anafikiria nini. Ukirudi sitasema neno, nitakuwekea uji. Rudi umuulize mtoto wako."

Kaka yangu alikuwa ndani, amelala kwenye kiti kwa sababu hakuweza tena kulala chini. Alikuwa amekonda hadi meno yamekuwa makubwa. Nilidhani hasikii, lakini alikuwa akisikia kila neno, na machozi yalikuwa yakimtoka bila uso kubadilika.

"Mwambie aache," akasema.

"Mwache alie. Ni mama."

"Mwambie si yeye aliyemfukuza." Akajaribu kujiinua, akashindwa. "Siku ile ya maombi nilipopiga magoti, magokoro alikuwa hapo. Walikuwa wanaimba, naye ananiuliza vile vile, polepole, hata hakuwajali. Kelele zao hazikumfanya lolote. Ningemjibu angebaki."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sikumjibu. Nilisema amina." Alifunga macho. "Ni mimi niliyemnyamazisha. Nilichoka kuulizwa. Nilijua akinyamaza nitakwenda wapi, na nikasema amina."

Nje mama alikuwa bado anaita.

Kaka yangu alikufa kabla chai haijachipua vizuri baada ya kiangazi, na tukamzika kwenye mstari ule ule. Hakuniomba nimfichie siri. Alisema nimwambie mama, na mimi nimekwenda kwake mara nyingi nikiwa nimelipanga neno hilo tayari mdomoni. Sasa ni mzee kuliko magokoro alivyokuwa, anatembea kwa fimbo, na kila asubuhi bado anafika kwenye kaburi la mama mkwe wake na kumwomba msamaha kwa kumfukuza. Hutia uji kwenye kibuyu, huuweka pale. Naweza kumwondolea mzigo huo kwa sentensi moja. Lakini nikimwambia si yeye aliyemfukuza, ataniuliza ni nani.